Utambi ni Pamba, Suruali ni Pamba: Mavazi ya Wacheza na Moto

Kijana mmoja wa sarakasi alinibana kwa swali hapa hapa kibarazani kwangu Bagamoyo, nikiwa na futi kamba shingoni. Nilikuwa nimemaliza kumpa somo langu la kila siku: ukicheza na moto vaa pamba, achana na nailoni, taiti waachie wa mazoezi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua minyororo yake miwili ya kuzungusha moto na kunionyesha vichwa vyake. Vilikuwa vipande vya jinzi kuukuu, vimeviringishwa na kukazwa kwa waya.

"Fundi, hii si pamba?"

"Pamba."

"Naichovya mafuta ya taa, naiwasha, inawaka dakika nzima na zaidi. Sasa unataka nivae hiyo hiyo?"

Nilijifanya natafuta chaki. Koroboi ya bibi yangu nayo utambi wake ulikuwa pamba, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kitu kinachochaguliwa kuwaka ndicho hicho tunachoambiwa kitukinge. Swali la yule kijana nimekaa nalo muda mrefu, na nimegundua kwamba ukilifungua, karibu kila kitu cha kubuni nguo za wacheza na moto kinafunguka pamoja nalo.

Itazame koroboi ikiwa inawaka. Utambi hauishi. Unakaa wiki nyingi, unaungua nchani tu, wakati mafuta yanapungua kila usiku. Kinachowaka pale si uzi, ni mvuke wa mafuta. Kazi ya pamba ni kunyonya mafuta na kuyapandisha juu. Yakifika kwenye joto yanageuka mvuke, mvuke ndio unaoshika moto. Maadamu mafuta yanapanda, uzi wenyewe umesalimika. Yakikauka, ndipo utambi unapoanza kujila.

Kwa hiyo suruali ya pamba iliyolowa mafuta ya taa si suruali tena, ni utambi wenye miguu. Hapo hata uvae Nomex, kile kitambaa cha marubani na watu wa zimamoto, mafuta yatawaka juu yake mpaka yaishe. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomuuliza mteja halihusu nguo. Namuuliza: ukishachovya, unakung'uta vipi? Mwenye kuijua kazi yake hukung'uta vichwa vya minyororo ndani ya debe, au huvizungusha pembeni bila moto, mpaka viache kudondosha. Asiyejua huwasha vikiwa vinachuruzika, na matone ya kwanza humrudia mgongoni yakiwa tayari yanawaka.

Na kama anatumia petroli, simshonei. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika cheche yakifika nyuzi joto 38 hivi za Sentigredi au zaidi. Petroli inafanya hivyo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake petroli iliyokurukia shatini inasubiri cheche tu, haisubiri joto. (Nyuzi 38 nazo si nyingi kwetu. Dumu la mafuta lililoachwa juani mchana wa Februari linafika huko bila msaada wa mtu. Liwekeni kivulini.)

Sasa tuchukue nguo kavu, ambayo moto umeipitia tu, umeilamba na kuondoka. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu wanauliza kitambaa gani hakiungui, na vitambaa vya dukani karibu vyote vinaungua. Maabara wana kipimo chao: hewa inatakiwa iwe na oksijeni asilimia ngapi ili kitambaa kiendelee kuwaka chenyewe. Hewa tunayovuta ina asilimia 21 hivi. Pamba inaridhika na kama 18, kwa hiyo ikishika inaendelea. Poliesta inataka kama 20 au 21, iko mpakani. Sufu inataka kama 25, na ndiyo maana ukiondoa kiberiti mara nyingi hujizimia yenyewe. Nomex inakaribia 30.

Ukizisoma namba hizo peke yake utasema poliesta ni bora kuliko pamba, na kuna mteja alishanibishia kwa namba hizo hizo akiwa amezitoa kwenye simu. Namba hazidanganyi. Ila zinapima kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mtambo, hazipimi kitambaa kilicholala juu ya paja la mtu.

Pamba haiyeyuki. Ikipatwa na moto inageuka mkaa. Unaipiga kwa kiganja, inazima, linabaki tundu lenye kingo nyeusi na hasira ya kuharibu suruali. Poliesta inayeyuka ikifika nyuzi joto 260 hivi, na nailoni kati ya 220 na 260 kutegemea aina yake. Ngozi ya binadamu inaungua kwa joto la chini sana ya hapo, hata kabla maji ya chai hayajachemka. Nailoni iliyoyeyuka inanata kama ulimbo, inaganda pale pale ilipoangukia, na joto lake lote linaingia mwilini. Ikimtokea mtu msiibandue. Mmwagieni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno ibaki bafuni.

Sufu basi? Sufu ni kitambaa kizuri mno mbele ya moto, na Bagamoyo mwezi wa pili utazimia ndani yake kabla hujawasha.

Kibaya kuliko vyote si poliesta tupu. Ni mchanganyiko, hizi tetroni na ndugu zake, nusu pamba nusu poliesta. Mtu anadhani nusu ya ubaya, kumbe vitu viwili vinasaidiana. Pamba iliyomo inageuka mkaa na kubaki imesimama kama kiunzi. Poliesta inayeyuka, lakini badala ya kudondoka inashikiliwa na ule mkaa na kuendelea kuwaka hapo hapo. Ni koroboi upya: mkaa wa pamba ndio utambi, poliesta ndiyo mafuta.

Hili nililijifunza kwa pesa yangu. Nilinunua jora zima la marudufu meusi, muuzaji akiniapia kuwa ni pamba tupu, nami nikaamini mkono wangu kwa sababu kitambaa kilikuwa kizito na kikavu. Nikashona suruali sita za kundi moja kabla sijachoma hata uzi. Nilipokuja kuchoma, uzi wa mtande, ule wa kwenda urefu, uliwaka taratibu, ukanuka karatasi, ukaacha majivu laini ya kijivu. Nikapumua. Kisha nikachoma wa mshindio, ule wa kukatiza upana, ukajikunja kama jongoo aliyeguswa, ukatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa kucha. Suruali zile zilienda kwa wasukuma mikokoteni kwa bei ya kujitia moyo.

Tangu hapo uzi nauchoma kabla ya kulipa, na nachomoa nyuzi za pande zote mbili. Shika uzi kwa koleo au kibanio, si kwa vidole. Pamba inanuka karatasi, sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, poliesta inanuka utamu fulani wa plastiki. Khanga na vitenge navyo vipimwe. Mazoea ya kusema "khanga ni pamba" yamepitwa. Siku hizi kuna khanga za poliesta zenye rangi nzuri kuliko za pamba, na jina la methali limeandikwa vizuri vilevile.

Ukishapata kitambaa, angalia uzito na ufumaji. Pamba nyepesi yenye matundu, kama bafta au lesi, ina hewa nyingi katikati ya nyuzi na inashika upesi. Yenye manyoya juu, moto hukimbia kwenye manyoya kama kwenye nyasi kavu. Pamba nzito iliyofumwa kwa kukaza, kama marudufu au jinzi za zamani za mitumba zile zisizovutika, inachukua muda kushika, na muda ndio unaoununua. Sekunde mbili zinatosha mtu kujiona na kujipiga kiganja.

Halafu kuna kosa linalofanywa na mafundi wazuri kabisa: mtu ananunua pamba safi, anaishona kwa uzi wa poliesta. Karibu uzi wote wa cherehani unaouzwa madukani ni poliesta, kwa sababu una nguvu na haukatiki kwenye mashine. Joto likipita, kitambaa kinabaki na mshono unaachia. Nimewahi kurudishiwa suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa mzima kabisa na umefunguka toka kiunoni hadi gotini, kama mtu amefumua kwa wembe. Uzi wa pamba unapatikana ukiutafuta, unakatika-katika, unataka mguu wa polepole kwenye pedeli, na bei yake ni kubwa. Vumilia. Mpira wa kiunoni nao uvikwe ndani ya pindo la pamba lenye mikunjo miwili, au uachwe kabisa na utumike ugwe. Lebo ya kolani ya nailoni ikatwe.

Hapo ndipo shida ya pili inapoingia, na kwangu hii ndiyo tamu zaidi. Moto unataka marudufu. Mwili unataka taiti. Sarakasi tunayoiona leo ina mizizi katika mafunzo ambayo vijana wa Kitanzania walipata China miaka ya 1960, na katika mji huu wenye TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, utamwona mtu asubuhi anapeleka mwili wake mahali ambapo suruali ya ofisini haijawahi kufika. Anapiga msamba, anajipinda nyuma mpaka viganja viguse mchanga. Taiti inamfuata kwa sababu ya nyuzi za likra ndani yake, zinazovutika kama mpira. Marudufu hayamfuati, yanapasuka.

Jibu halimo kwenye kitambaa, limo kwenye mkasi. Suruali hupasukia pale mishono minne inapokutana, katikati ya miguu. Basi mishono hiyo isikutane. Nakata kipande chenye pembe nne, umbo la kishada, urefu wa kiganja changu, nakishona pale katikati. Sisi karakana tunakiita kiraka cha msamba, ingawa hakizibi tundu lolote. Mtu akitanua miguu, kishada kinafunguka na suruali haivutwi. Kwapani vivyo hivyo, na hapa mafundi wa kanzu wametutangulia kwa miaka mingi. Wao wana kikwapa chao. Kosa la kawaida ni kudhani tundu la mkono likiwa kubwa na kushuka chini mkono utakuwa huru. Ni kinyume. Likishuka, ukiinua mkono shati zima linapanda na tumbo linabaki wazi mbele ya moto. Tundu liwe juu karibu na kwapa, na kikwapa kiongeze nafasi.

Njia nyingine ni kukata mshazari. Vuta khanga kwa urefu, haiendi; ivute kutoka pembe hadi pembe, inakubali kidogo. Goti na mgongo wa juu vikikatwa mshazari vinapata ule mvutiko bila nyuzi za mpira. Ubaya wake ni kwamba kitambaa kinaliwa, vipande vya pembeni vinabaki vingi, na mteja anakuona mwizi.

Upana nao una hesabu yake. Mikono mipana ya kupepea ni mizuri kwenye picha na ni mibaya kwenye mnyororo unaozunguka. Lakini nguo iliyobana kama ngozi ya pili nayo si salama, kwa sababu joto linapita moja kwa moja. Hewa kidogo kati ya kitambaa na mwili ni kinga. Mimi naacha nafasi ya vidole viwili mwilini, kisha nabana kwenye kifundo cha mkono na chini ya goti ili upepo usiingie. Na nguo lazima ivulike upesi. Zipu ya mgongoni inataka msaidizi. Fulana ya kuvulia kichwani inapitisha moto usoni. Kizibao kilicho wazi mbele, kikishikwa na fundo moja la kuvuta, kinatoka kabla hujahesabu tatu.

Kibwebwe kimenipa kazi ya ziada. Khanga iliyofungwa kiunoni ndiyo inayoonyesha mchezo wa nyonga, na mcheza ngoma hataki kuambiwa aiache. Sawa, ifungwe, ila ncha zichomekwe ndani. Ncha inayoning'inia ndiyo mnyororo unapoingia. Sketi za katani na za ukindu, zile zinazopendeza kwenye ngoma, hapa zikae mbali. Ni nyuzi kavu zenye hewa kila upande, yaani ni za kuwashia jiko. Nywele za rasta za plastiki zifunikwe kwa kilemba cha pamba, na dawa za kupuliza za nywele na mwili ziachwe siku hiyo.

Nimesahau rangi, na wateja huanza na rangi. Mwanga wa moto una wekundu na unjano mwingi, una ubuluu kidogo sana. Kwa hiyo bluu, zambarau na kijani kilichokolea vinaonekana vyeusi usiku. Mtu anaweza kutumia laki nzima kwenye kitambaa cha bluu ya bahari na watazamaji wasione kitu ila kichwa na viganja vinaelea. Kaniki, ambayo ni bluu nzito, inampoteza mvaaji kabisa, na ukitaka kupotea ni nzuri. Merikani isiyopaushwa, yenye ule weupe wa maziwa, inawaka kama taa. Vitambaa hivi viwili vilipita mji huu kwa marobota katika karne ya 19, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa misafara kuelekea Tabora na Ujiji, vikitumika kama fedha. Merikani ilikuwa na jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani. Mimi navipanga pamoja: kaniki kiwiliwili, merikani mikononi na miguuni. Usiku unaona viungo vinne vinacheza vyenyewe. Vimetameta vya plastiki havihitajiki, na vinayeyuka.

Wengine huuliza kama hakuna dawa ya kuchovya nguo isiungue. Ipo, na si ya leo. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac alionyesha kwamba chumvi fulani, boraksi ikiwemo, huzuia kitambaa kuwaka. Dawa za kisasa za pamba zina fosforasi, na zinafanya kazi kwa kuisukuma pamba igeuke mkaa na maji mapema badala ya kutoa gesi inayowaka. Paris ilikuwa na nguo za jukwaani zilizotiwa dawa wakati Emma Livry, mcheza baleti, alipokuwa kijana. Alizikataa: zilikuwa ngumu na zilipoteza mng'ao. Novemba 1862, kwenye mazoezi, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi. Alifariki Julai 1863. Nikiwasimulia wacheza wangu hawacheki, lakini wanamwelewa. Nguo isiyocheza vizuri haivaliwi, hata ungeipaka nini, na ndiyo maana naanza na mkasi. Chumvi hizi za kuchovya nyumbani zinatoka kwa maji na jasho, na mtu akishachovya mara moja anajiona ana kinga milele. Siziuzi.

Linabaki swali la wapi hasa nguo iongezewe unene, kwa sababu kuvaa marudufu mara mbili mwili mzima ni kujipika. Kila mchezaji anaungua mahali pake. Hilo nalipima kwa maji. Namvalisha mteja fulana na suruali ya merikani nyeupe, natia bluu ya kufulia kwenye ndoo, anachovya minyororo yake humo bila moto, na tunashuka pwani jioni wakati upepo wa kusi unapovuma, si uani kwangu kwenye utulivu. Anacheza mchezo wake wote. Akimaliza, madoa yananisomea: bega la kulia nyuma, mara nyingi, kisha shavu la mguu wa kushoto, na mstari mrefu upande ule upepo ulikotoka. Hapo ndipo naweka tabaka la pili.

Yule kijana wa swali la utambi nilimpima hivyo. Mara ya kwanza alirudi kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la wino. Nikamwambia akung'ute vizuri, arudie. Mara ya pili tukahesabu madoa manne, matatu begani.

"La nne liko wapi?" akauliza, akijigeuza.

Lilikuwa kisogoni, chini kidogo ya rasta.

"Hilo," nikamwambia, "mpelekee msusi wako."